Kuhifadhi dawa nyumbani Unguja na Pemba: maswali tunayoulizwa dirishani

Maswali haya hurudi kila wiki kwenye dirisha la kutolea dawa, mengine kwa sauti kubwa, mengine kwa kunong'ona kana kwamba kuna aibu ndani yake. Tumeyajibu tukizijua nyumba za visiwani: bati juu, bahari karibu, umeme wa kuja na kuondoka. Pakiti ya dawa yako au daktari wako akisema tofauti na sisi, mfuate yeye.

Dawa niziweke wapi hasa?

Chumba cha kulala, ndani ya kabati au sanduku lenye kifuniko, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Pawe pakavu, pawe na kivuli, na mtoto asifike.

Watu wengi huziweka jikoni kwa sababu dawa hunywewa baada ya kula. Jikoni ndiko kubaya kuliko kote. Mvuke wa wali na moto wa jiko huingia ndani ya kopo kila unapolifungua. Chooni na bafuni ni vivyo hivyo. Juu ya friji panaonekana baridi, lakini friji hutoa joto lake kwa nyuma na kwa juu. Juu ya kabati refu chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, hata mkono wako hautaki kukaa.

Wanaoishi Mji Mkongwe wana shida yao peke yao. Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji, na masika hutoa jasho. Zidaka za ukutani zinapendeza kwa vyombo vya bibi, si kwa dawa. Kabati nalo lisukume mbele kidogo lisigusane na ukuta.

Pakiti imeandikwa "isizidi nyuzi 30". Kaskazi hapa inapita hapo. Dawa zangu zote zimeharibika?

Hapana. Vidonge vingi havifi kwa mchana mmoja au miwili wa nyuzi 32. Joto huila dawa kidogo kidogo, na madhara yake hujumlishana, kwa hiyo mwezi mzima chini ya bati si sawa na saa tatu za mchana. Cha kuogopa ni mahali panapopikika: ndani ya gari lililofungwa juani, ambamo joto hupita nyuzi 50, chini ya kiti cha vespa, au dirishani penye jua la moja kwa moja.

Ila ukituuliza adui mkubwa wa dawa visiwani ni nani, hatutasema joto. Tutasema unyevu, na joto ni msaidizi wake.

Unyevu unafanya nini kwenye kidonge kilichokauka?

Hukivunja kikemia. Aspirini ndiyo mfano mzuri: ikikutana na unyevu huvunjika na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ukifungua kopo la aspirini likanuka siki, usiinywe. Vidonge vya rangi mbili vyenye ganda laini hulainika na kugandana. Vyengine huvimba, hupasuka, huota madoa. Dawa ya kifafa ya valproate hunyonya maji ya hewani haraka mno, kwa hiyo iache ndani ya karatasi yake ya bati mpaka dakika ya kuinywa.

Hapa ndipo tunapogombana na wateja, na pengine na wenzetu wa dirishani. Vidonge vikihesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye kibahasha cha karatasi, ulinzi wote umebaki dukani. Kibahasha hicho ni cha siku chache za matibabu, si cha kuwekwa miezi sita "kwa ajili ya siku mbaya". Ukiwa na dawa za kila siku, za presha au za sukari, omba zikiwa ndani ya karatasi yake ya bati, na usikate kipande kimoja kimoja kwa mkasi hadi jina na tarehe vikapotea.

Kikoba kidogo cha punje kinachokutwa ndani ya kopo kiache humo. Kazi yake ni kunyonya unyevu. Si dawa wala si cha kuliwa. Pamba iliyojazwa mdomoni mwa kopo jipya, kinyume chake, itoe ukishafungua, kwani huvuta maji ikayaweka karibu na vidonge. Wako wanaotia mchele ndani ya kopo kama wanavyotia kwenye chumvi. Mchele una vumbi na wadudu, waachieni wapishi.

Basi kwa nini nisiweke dawa zote kwenye friji?

Kwa sababu friji ina unyevu wake. Kopo likitoka baridi likafunguliwa kwenye hewa ya masika, maji hujitunga ndani yake. Fanya hivyo kila asubuhi kwa mwezi mmoja na vidonge vitakuwa vimekwisha kabla hujavimaliza. Friji ni ya dawa iliyoandikwa nyuzi 2 hadi 8, basi.

Natumia insulini, sindano ya sukari. Nikae nayo vipi umeme ukikatika?

Tutalijibu hili kwa urefu, maana ndilo linalowanyima watu usingizi.

Kichupa ambacho hujakifungua kinakaa friji, nyuzi 2 hadi 8, rafu ya kati, ndani ya kopo lenye kifuniko. Kisikae mlangoni, kwa kuwa mlango hufunguliwa kila mtu anapotaka maji baridi. Kisikae karibu na barafu. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Wengi huogopa joto tu, na friji ya zamani inayogandisha hadi rafu ya chini huwaharibia dawa bila wao kujua.

Kichupa au kalamu ya kudungia insulini unayoitumia hivi sasa hakihitaji friji. Insulini nyingi huvumilia wiki 4 nje, kivulini, chini ya nyuzi 25 au 30 kulingana na mtengenezaji. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino kwenye boksi. Wiki 4 zikipita, tupa kilichobaki ingawa moyo unauma kwa bei.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia. Friji iliyofungwa hubakia na ubaridi kwa takriban saa 4. Ikizidi hapo, hamishia insulini ya akiba kwenye kikasha cha kubebea samaki au chakula baridi, kilichooshwa vizuri, chenye barafu chini. Kati ya barafu na dawa weka taulo nene, visigusane kabisa. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme wa Bara, wanajua kwamba mambo haya si nadharia. Panga mapema nani mtaani ana jenereta au sola, na uzungumze naye kabla ya giza.

Umeme ukirudi, itazame dawa yako. Ile ya kung'aa iwe kama maji. Ikiwa na ukungu, acha. Ile ya maziwa, ukiiviringisha taratibu kati ya viganja, ichanganyike sawasawa. Ikiwa na mabonge au ikaganda kwenye kioo, acha. Jicho peke yake halitoshi. Ukiona sukari inapanda siku kadhaa kwa dozi ileile na chakula kilekile, ishuku insulini, nenda kituoni, na usiongeze dozi kwa akili yako.

Mtungi wa maji unaweza kuchukua nafasi ya friji?

Kwa insulini unayoitumia, unasaidia. Kwa ya akiba, hapana. Mtungi haufiki nyuzi 8 hata siku moja.

Chukua mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, umwagie mchanga maji asubuhi na jioni. Dawa iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya mtungi mdogo, juu funika kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo. Maji yakitoweka kwenye udongo huondoka na joto. Hewa yetu ya pwani ina maji mengi tayari, kwa hiyo ubaridi utakaopata ni wa nyuzi chache, na masika ni mdogo zaidi. Kusi likivuma utaona tofauti.

Kuna habari ya kutuliza roho: mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini walizozipima zilishika nguvu yake kwa wiki 4. Huo si ruhusa ya kuzembea, ila ni sababu ya kutokutupa kichupa kwa sababu ya usiku mmoja wa giza.

Nampelekea mama dawa zake Pemba. Nizibebe vipi kwenye boti?

Mkononi. Usizitie kwenye mzigo unaokwenda chini wala usiziache sitahani juani hadi bandari ya Mkoani. Kwa insulini, chupa ya chai yenye mdomo mpana inafaa sana: ijaze maji baridi sana kwa dakika kumi, yamwage, ikaushe, tia dawa iliyofungwa kitambaa, funga. Ukipanda ndege pia bebeni mkononi, kwa kuwa chini ya ndege dawa inaweza kuganda. Na muandikie mama karatasi kwa herufi kubwa, au mpigie simu kijana wa nyumba umweleze, maana dawa ikifika bila maelezo inaishia juu ya friji.

Dawa ya maji ya mtoto inakaa muda gani ikishafunguliwa?

Inategemea ni ipi, na hapa tarehe iliyopigwa kwenye boksi inadanganya watu. Ile ni tarehe ya chupa iliyofungwa. Ukishaifungua, na hasa ukishatia maji, hesabu mpya imeanza.

Antibaiotiki za unga, kama amoksilini, hudumu kwa kawaida siku 7 baada ya kuchanganywa, nyengine zaidi. Karatasi ya ndani inasema. Amoksilini yenye klavulanati lazima iwe kwenye friji ikishachanganywa. Klarithromaisini, kinyume chake, haitakiwi friji: hunata na kuzidi uchungu, mtoto akaitema. Kama nyumbani hakuna friji na dawa inaitaka, sema pale pale dirishani kabla hujalipa. Mara nyingi tunaweza kukupa ya aina nyengine au vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji. Wazazi huona haya kusema hawana friji, dawa ikaharibika siku ya tatu na homa ikarudi.

Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, tia hadi mstari, tikisa. Kikombe au bomba la kupimia kifunge na chupa kwa mpira, maana kijiko cha jikoni kila nyumba kina ukubwa wake.

Maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, ukishayachanganya yatumike ndani ya saa 24. Kesho changanya mapya.

Matone ya macho: mengi mwisho wake ni siku 28 baada ya kufunguliwa, hata chupa ikiwa nusu.

EXP 06/2026 ni mwanzo wa mwezi au mwisho?

Mwisho. Inatumika hadi 30 Juni. Lakini tarehe hiyo ni ahadi ya dawa iliyokaa kama pakiti ilivyoagiza. Iliyokaa mwaka mzima chini ya bati haina tarehe tena.

Kunywa dawa iliyopitwa na muda kuna madhara gani?

Mara nyingi ni kwamba haikutibu, na hilo si dogo ikiwa ni dawa ya malaria, ya kifafa au ya moyo. Tetrasaiklini, aina ya antibaiotiki, za zamani zilizoharibika ziliwahi kudhuru figo za watu. Usijaribu.

Nimepona, vidonge vya antibaiotiki vimebaki. Nimuwekee jirani?

Usimuwekee.

Nina watoto wadogo na nyumba ina wageni kila siku. Nifanyeje?

Sanduku lenye kufuli, juu, ufunguo kwa mtu mzima mmoja. Hilo ni rahisi. Gumu ni mkoba wa bibi.

Bibi anakuja kutoka shamba kukaa wiki moja, mkoba wake uko chini ya kitanda, ndani mna dawa za presha na za sukari zilizofungwa ndani ya leso. Mjukuu wa miaka miwili anapekua kutafuta halua. Kidonge kimoja cha glibenklamidi, dawa ya sukari, kinaweza kumshusha sukari mtoto mdogo hadi azimie, na vidonge vichache vya presha vinaweza kumuua. Mwambie bibi kwa heshima, siku ya kwanza, kabla hata ya chai: "Bibi, nipe dawa zako nikuwekee, kila saa ya kunywa nitakuletea." Hakuna bibi atakayekasirika kwa hilo. Siku za Sikukuu, nyumba ikijaa, pekua vyumba vyote.

Vidonge vyekundu vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vinatutia wasiwasi kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto huona pipi. Madini ya chuma yakizidi kwake hudhuru tumbo na ini, na huenda akaonekana amepata nafuu baada ya kutapika kisha akazidiwa. Kwa sababu hiyohiyo, usimbembeleze mtoto kwa kuiita dawa pipi.

Ikitokea amemeza, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mchukue hospitali mara moja, na uchukue pakiti na vidonge vilivyobaki ili daktari ahesabu. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda nayo ni hivyohivyo. Kumtapisha huyapeleka kwenye mapafu.

Ndugu zetu wa Maskati wanatuletea dawa. Zinahifadhiwa tofauti?

Soma joto lililoandikwa. Dawa iliyokusudiwa nchi zenye joto na unyevu kama kwetu hujaribiwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75. Iliyokusudiwa Ulaya hujaribiwa kwenye nyuzi 25 na asilimia 60. Kwa hiyo mzigo wa kutoka London unahitaji sehemu baridi zaidi ya nyumba yako, na usiweke akiba ya mwaka mzima.

Hatari kubwa kwenye mizigo ya Maskati ni majina. Adol ni parasetamoli. Panadol ni parasetamoli. Tumewaona watu wanaokunywa zote mbili kwa pamoja, moja ya kichwa na moja ya homa. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa majina yote yakijumlishwa. Bandika karatasi ya Kiswahili juu ya boksi: ya nini, kiasi gani, ya nani.

Friji yangu ina kombe (maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa), zamzam, mafuta ya habasoda na dawa ya hospitali. Kuna ubaya?

Kukaa friji moja si ubaya. Ubaya ni chupa za maji zilizotumika, zote zinafanana, hazina maandishi. Kila chupa na jina lake na tarehe yake, na dawa ya hospitali ibaki ndani ya chupa yake ya asili, isimiminwe kwenye chupa nyengine. Unga wa majani na magome uweke kavu. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo, usiutumie, aliyekupa atakuelewa.

Pampu ya pumu?

Mbali na moto na jua, usiitoboe, usiichome hata ikiisha, kwani hulipuka. Iweke panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba, kwa kuwa usiku wa shida hakuna muda wa kutafuta ufunguo.

Kisanduku cha vidonge chenye siku za wiki kinafaa?

Kwa wazee kinafaa sana. Jaza wiki moja tu, si mwezi. Dawa zenye kikoba cha kukausha ndani ya kopo, zikiwemo nyingi za VVU, ziulizie kwanza. Kwa wanaoficha dawa za VVU ndani ya mfuko wa unga au chini ya godoro: tunaelewa kwa nini. Muulize mtoa dawa akusaidie kupata kopo lisilo na maandishi lenye kufunga vizuri. Siri inaweza kutunzwa bila dawa kuharibika.

Dawa mbovu nizitupe wapi?

Si kisimani, si chooni, si kwenye mtaro. Visiwa hivi vinakunywa maji ya ardhini. Chemchem za Mtoni na Bububu na visima vya mitaani vyote vinalishwa na mvua inayopenya kwenye mawe, na mawe yetu yana mashimo mengi. Kuchoma uani nako tunakukataza, moshi wake hauna heri na makopo yenye hewa hupasuka.

Zirudishe duka la dawa au kituo cha afya. Uliza kwanza kama wanapokea. Ikishindikana, toa vidonge kwenye pakiti, visage, changanya na majivu au machicha ya nazi, tia ndani ya mfuko, ufunge, upeleke na taka siku ya gari. Lengo ni mtoto anayeokota jaani asikute kitu kinachofanana na dawa. Dawa za maji fanya vivyo hivyo: zimimine kwenye majivu mpaka yazinyonye.

Sindano za insulini ziende kwenye galoni gumu la plastiki, la mafuta ya kupikia au la sabuni ya maji, lenye kifuniko. Likijaa robo tatu, lifunge, lipeleke kituoni. Vijana wa taka wanachomwa miguu na viganja na sindano zinazotupwa kwenye mifuko laini.

Duka la mtaani kwetu linapanga dawa dirishani juani. Ninunue?

Usinunue hiyo ya dirishani. Omba iliyoko ndani, tazama tarehe, tazama kama rangi ya boksi haijapauka. Wakikwambia hawana nyengine, nenda duka jengine. Ukiona wanaendelea hivyo, mwenye kazi ya kusikiliza malalamiko hayo ni ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, nao wana ofisi Unguja na Pemba.